Nani Anayelitaka Vumbi? Uhakiki wa Istilahi za Udhibiti wa Hewa ya Viwandani

Jarida la namna hii huzoea kuwaletea wasomaji wake orodha ya istilahi: upande mmoja neno la kigeni, upande wa pili neno letu, na kazi ikaisha. Safari hii tumeonelea tuiache orodha kando, tuyahakiki maneno machache yatumikayo sasa katika jambo moja tu, yaani jinsi Serikali inavyodhibiti vumbi na uchafuzi wa hewa utokao viwandani na machimboni. Hatukulichagua jambo hili kwa sababu maneno yake ni haba. Maneno yapo, tena mengi, na baadhi yamekwisha kuenea mpaka katika mabango ya mlangoni. Tumelichagua kwa kuwa maneno hayo aghalabu husema kinyume cha sheria inavyokusudia, na anayeumia kwa kosa hilo si mfasiri aliyeketi mezani.

Tuanze na bango. Tulipopita katika machimbo fulani ya kokoto, mahali ambapo hatutapataja, tulikuta pale langoni ubao wenye ahadi kwa wanakijiji kwamba vumbi litatunzwa katika kiwango kinachotakiwa. Bibi mmoja auzaye uji karibu na lango hilo alituomba tumsomee. Tulipomaliza akatuuliza, "Wanangu, kinachotakiwa na nani? Nani anayelitaka vumbi?" Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana bibi yule alikuwa amekisikia Kiswahili cha ubao vizuri kuliko aliyekiandika.

Hebu tukitazame kirai hicho kwa utulivu. Kitenzi *takiwa* ni hali ya kutendwa ya *taka*, na katika matumizi ya kawaida hubeba maana mbili: kuhitajiwa na kulazimishwa. Mwalimu anapotakiwa ofisini, kuna mtu anayemhitaji. Mwombaji wa kazi anapoambiwa afikie kiwango cha elimu kinachotakiwa, kiwango hicho ni kitu cha kupandia. Aliye chini yake amepungukiwa, aliye juu yake husifiwa. Kirai hiki basi kimezaliwa katika mambo ya sifa, kisha kikahamishiwa katika mambo ya madhara bila kubadilishwa nguo. Katika vumbi hakuna cha kupandia. Aliye chini ya mstari ndiye mwema, na aliyeuvuka ndiye mkosaji. Kiwanda kinapojisifu kwamba "kimefikia viwango vya vumbi", msikilizaji asiye mtaalamu ana haki ya kuelewa kwamba kimelijaza vumbi hadi ukingoni. Wala hatusemi hivi kwa mzaha. Mwenye kiwanda akishitakiwa, wakili wake hataona haya kuuchukua utata huo mbele ya hakimu.

Ubaya wenyewe umo katika neno *kiwango*, ambalo limebebeshwa mizigo mingi kupita nguvu zake. Kwanza ni kanuni ya ubora iliyowekwa na chombo cha taifa, na maana hiyo imethibitika tangu tulipopata Shirika la Viwango kwa sheria ya mwaka 1975. Pili ni kiasi kilichopimwa, kama tusemapo kiwango cha maji mtoni kimepanda. Tatu ni mwendo wa jambo kwa muda, kama kiwango cha vifo. Nne ni daraja, kama mchezaji wa kiwango cha juu. Tano ni mpaka usiovukwa. Mtu akiandika kwamba "kiwango cha vumbi kilizidi kiwango kilichowekwa katika viwango vya taifa", ameandika sentensi sahihi kisarufi ambayo haina faida kwa mtu yeyote.

Pendekezo letu ni kulipunguzia neno hili mzigo. *Kiwango* libaki na kazi yake ya kwanza, yaani kanuni iliyotangazwa na chombo chenye mamlaka. Kile kilichosomwa katika chombo cha kupimia kiitwe *kipimo*. Ule mpaka usiovukwa uitwe *kima cha juu*. Neno *kima* halikutoka mbali. Kila mfanyakazi wa nchi hii anajua *kima cha chini cha mshahara*, anajua kwamba ni sheria, anajua kwamba tajiri akikivunja kuna pa kwenda kulalamika. Atakayesikia *kima cha juu cha vumbi* ataelewa kwa njia hiyohiyo, bila semina. Wapo watakaosema kwamba kima ni mnyama wa porini, tena ni nyama iliyosagwa. Ni kweli, lakini hatujasikia mfanyakazi aliyekwenda kudai mshahara akaletewa mnyama. Wengine watapendelea *ukomo*, ambalo sasa limeshika katika mambo ya bajeti. Hatulikatai, ila tunaona kwamba ukomo ni mahali jambo linapoishia lenyewe. Kima huwekwa na mtu, na aliyekiweka anaweza kuulizwa.

Likifuata *kiwango*, neno lenye hila zaidi ni *wastani*. Vumbi halipimwi mara moja. Hupimwa kwa saa nyingi, kisha huchukuliwa hesabu ya kati. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mpya mwaka 2021, lilipendekeza kwamba chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 zisipite mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa kwa hesabu ya mwaka, na mikrogramu 15 kwa hesabu ya saa 24. Katika mwongozo wa mwaka 2005 tarakimu hizo zilikuwa 10 na 25. Yaani elimu ilivyozidi kukua, kima kiliteremka. Sasa mtu akiandika "kiwango cha wastani cha saa 24", mwanahesabu ataelewa, lakini mzazi aliyewahi kupokea ripoti ya shule ya mtoto ataelewa jingine kabisa. Kwake, wastani ni hali ya kati na kati, si nzuri sana wala si mbaya sana. "Vumbi la wastani" kwake ni vumbi la kuvumilika. Kasoro hii huondolewa kwa kupanga maneno upya tu: *wastani wa vipimo vya saa 24*. Neno *vipimo* likitangulia saa, hapana tena atakayedhani kwamba linalosifiwa ni vumbi.

Tena mwongozo si kiwango, na kiwango si kima. Shirika la Afya Duniani hushauri, wala halina askari. Dola ndiyo ihukumuyo. Tumeona makala za magazeti zikisema kwamba kiwanda fulani "kimevunja sheria za Shirika la Afya Duniani". Hakuna kitu kama hicho, na mwandishi wa maneno hayo amempa mwenye kiwanda jibu rahisi.

Mahali palipo pazito zaidi, kwa maoni yetu, ni swali hili: hewa ipi? Sheria za udhibiti huzijua hewa tatu. Ya kwanza ni ile iliyomo ndani ya bomba la moshi kabla haijatoka. Ya pili ni ile anayoivuta mfanyakazi aliyesimama kando ya mashine. Ya tatu ni ile iliyoenea nje ya ua, anayoivuta mama wa jirani na mtoto wake. Kila moja ina kima chake, chombo chake cha kupimia, na ofisi yake. Katika Tanzania, hewa ya mfanyakazi ilisimamiwa zamani na Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, na baadaye na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliyochukua nafasi yake. Hewa ya jirani iliingia katika sheria ya Baraza la mazingira ya mwaka 1983, kisha katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zikafuata mwaka 2007. Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa mwendo uo huo: sheria ya mazingira mwaka 1999, ya usalama kazini mwaka 2007, na Kanuni za hewa mwaka 2014.

Hivyo ukuta wa kiwanda ndio mpaka wa sheria mbili. Lakini Kiswahili chetu cha ofisini kimezifunika pande zote mbili kwa neno moja, *mazingira*. Tunasema mazingira ya kazi, mazingira ya kijiji, mazingira ya kusomea, hata mazingira ya rushwa. Mpasua mawe akiandika barua kwamba "mazingira yetu yana vumbi", barua hiyo inaweza kutumwa kwa wakaguzi wa mazingira, nao wakaja wakapima nje ya ua, wakakuta hewa ni safi kwa sababu siku hiyo upepo unavuma kwenda upande wa pili, wakaondoka. Hakuna aliyetenda hila. Barua ilipotea kwa neno. Kwa sababu hiyo tunashauri watunga kanuni na waandishi wa mabango wasiridhike na "hewa" wala "mazingira" peke yake, bali waseme *hewa ya dohani*, *hewa ya kazini* na *hewa ya nje*. Hayo si maneno mapya. Dohani ni neno la wenyeji wa pwani tangu enzi za meli za moshi, lenye asili ya Kiarabu kwa maana ya moshi, nalo ni fupi kuliko "bomba la kutolea moshi". Kuna wataalamu waliopendekeza *hewa zingira* kwa hii ya tatu. Hatuoni haja. Hewa ya dohani nayo itamzingira mtu akipanda juu ya paa.

Sasa tulitazame vumbi lenyewe. Hapa lugha yetu ina utajiri ambao istilahi za ofisini zimeukalia. Mswahili hasemi kwamba kila kitu "hutolewa" hewani. Moshi hufuka. Vumbi hutimka, na mwenye kulitimua yupo. Majivu hupeperuka. Mvuke hupanda, masizi huganda, harufu huvuma. Kila kitenzi kina habari ndani yake: kufuka ni kutoka polepole mahali pamoja, kutimka ni kuondoka kwa kishindo kwa sababu ya kitu kilichopita au kilichoanguka. Waingereza, vumbi lisilopita katika dohani, bali linaloinuka katika lundo la kokoto, katika mkanda wa kusafirishia mawe na katika barabara ya malori, wameliita kwa neno lao la mtu aliyetoroka. Tukiwafuata tutapata *vumbi toro*, na msomaji atauliza limetoroka gereza gani. Kitenzi chetu kimekwisha kulisema jambo hilo: ni *vumbi la kutimka*. Tena kinaonyesha na dawa yake, maana kitimkacho hutulizwa kwa kumwagiwa maji, kufunikwa, au kuendeshewa gari polepole. Lakini *vumbi la dohani* hulitulizi kwa ndoo, hulinasi ila kwa mifuko ya kuchujia au kwa umeme. Kwa chombo hicho *kinasavumbi* ni neno zuri, limefuata nyayo za *kinasa sauti*, nasi tunaliunga mkono.

Ila utajiri huu una upungufu wake, na ni haki tuuseme. Vumbi katika Kiswahili ni kitu kionekanacho. Ni lile unaloliandika kwa kidole juu ya meza. Sheria nayo inaliogopa zaidi lile lisiloonekana. Wataalamu wa kimataifa, katika kanuni waliyoitoa mwaka 1995, waliligawa vumbi kwa jinsi linavyozama mwilini: lile liingialo puani na kinywani, lile lipitalo koo na kuingia kifuani, ambalo nusu yake hukatwa katika mikromita 10, na lile lifikalo katika vifuko vya mwisho vya mapafu, ambalo nusu yake hukatwa katika mikromita 4. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 na zaidi, basi msomaji na akadirie. Vumbi la tatu ndilo liuwalo, nalo huelea hewani kwa muda mrefu baada ya lile la kwanza kutua na wafanyakazi kuvua vitambaa vyao usoni wakidhani hatari imekwisha.

Kwa makundi hayo tumeona istilahi zilizofinyangwa kwa Kilatini, na tumeona pia zilizoandikwa kwa vifungu vya maneno kumi. Sisi twapendekeza *vumbi la puani*, *vumbi la kifuani* na *vumbi la mapafuni*. Mfanyakazi akiambiwa kwamba kitambaa alichojifunga huzuia vumbi la puani lakini hakizuii la mapafuni, ataelewa mara moja kwa nini anadai barakoa ya kweli. Kwa lile lihesabiwalo kwa kutua kwake juu ya mapaa na mimea, *vumbi la kutua* latosha. Afrika Kusini katika Kanuni zake za mwaka 2013 iliweka kwamba katika makazi ya watu vumbi la namna hii lisifike miligramu 600 katika mita moja ya mraba kwa siku, kwa wastani wa siku 30, na mahali pasipo makazi lisifike 1,200. Hulipima kwa ndoo iliyoachwa wazi. Msomaji ataona kwamba tarakimu hizo haziwezi kulinganishwa na zile za mikrogramu tulizozitaja, kwa kuwa moja hupima kitu kilicholala na nyingine hupima kielea. Wapo wanaozilinganisha.

Machimbo ya Mirerani ni ushahidi wa haja ya maneno haya. Wachimbaji wadogo wa tanzanaiti, ambao wenyewe hujiita wanaapolo, hutoboa mwamba uliojaa grafati na kwazi katika mashimo marefu yasiyopitisha upepo, na wengi wameugua mapafu. Ugonjwa wenyewe kitaalamu huitwa silikosisi. Mgonjwa wa silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi kuliko mtu mwingine, kwa hiyo aghalabu magonjwa hayo mawili hukutwa katika kifua kimoja, na lililo na jina la Kiswahili ndilo linalotangazwa. Kifua kikuu ni ugonjwa wa mdudu, hakina mwenye kulaumiwa. Silikosisi ni ugonjwa wa kazi, una tajiri, una sheria, una fidia. Kukosekana kwa jina linalotamkika kunamwondolea mgonjwa madai yake. Kwa magonjwa yote yatokanayo na vumbi la kazini tunapendekeza *mapafu vumbi*, na hili la mawe liitwe *mapafu vumbi ya mawe*, silikosisi likabaki kwa waganga. Juu ya *silika*, neno lililokwisha kutumika kwa madini haya, tunajua kwamba ndilo hilohilo la tabia ya kuzaliwa nayo. Hatuoni hatari kubwa. Hata hivyo mtu akiandika kwamba vumbi la silika lilitangazwa mwaka 1997 na wakala wa utafiti wa saratani kuwa huleta saratani, afadhali aandike *silika ya mawe*, asije msomaji akajiuliza ni tabia gani hiyo.

Turudi kwa lile neno ambalo limetukera kuliko yote. Siku hizi kila chombo cha habari husema "uzalishaji wa gesijoto", "uzalishaji wa hewa ukaa", na sasa, kwa kuiga, "uzalishaji wa vumbi". Kuzalisha ni neno la heshima. Shamba huzalisha mahindi, kiwanda huzalisha saruji, na taifa zima limehimizwa kwa miongo mingi lizalishe zaidi. Kuita taka zitokazo juu ya kiwanda kwa jina lilelile la mali itokayo mlangoni ni kuvichanganya vitu ambavyo sheria inajitahidi kuvitenga. Agizo la "kupunguza uzalishaji" likifika mikononi mwa meneja, atasema Serikali inataka kufunga kiwanda chake, na wafanyakazi watamwamini, kwa sababu ndivyo maneno yanavyosema. Neno linalofaa ni *utoaji*, kwa kirefu *utoaji hewani*. Lina mtendaji ndani yake, tofauti na *utokaji*, ambalo huonyesha kana kwamba vumbi liliamua safari lenyewe. *Mtoko* limewahi kupendekezwa, nalo ni zuri kwa umbo, ila vijana wa mjini wamekwisha kulichukua kwa matembezi yao ya jioni, nasi hatuna nguvu ya kuwanyang'anya.

Yafaa hapa tukumbuke kwamba hata hao tunaofasiri maneno yao hawakuyapata kwa siku moja. Uingereza ilitunga Sheria ya Viwanda vya Magadi mwaka 1863, kwa sababu viwanda vilivyotengeneza magadi kwa chumvi vilikuwa vikitoa gesi kali ya asidi iliyokausha miti na mazao ya majirani. Sheria ile iliamuru kwamba gesi hiyo inaswe kwa asilimia 95 angalau. Mkaguzi wake wa kwanza, mwanakemia Robert Angus Smith, alizunguka na vyombo vyake, akakuta viwanda vinatii. Lakini viwanda viliongezeka, na asilimia tano ya kitu kinachokua nayo hukua. Ndipo mwaka 1874 sheria ikarekebishwa. Ikawekwa kima cha juu cha asidi katika kila futi ya ujazo wa gesi itokayo, na kwa gesi nyingine ikaingizwa ile kauli mashuhuri ya kumtaka mwenye kiwanda atumie njia bora ziwezekanazo kutendeka. Tofauti ya asilimia na kima, ambayo sisi tunaichezea katika mabango, wao waliilipa kwa miaka kumi na mmoja ya miti mikavu.

Na hiyo "njia bora ziwezekanazo" nayo ina mtego katika Kiswahili. *Kuwezekana* kwetu ni neno la adabu. Mtu akikuambia "nitakuja ikiwezekana", umekwisha kujua kwamba haji. Kanuni ikimtaka mwenye kiwanda anyunyize maji barabarani "kwa kadiri iwezekanavyo", imemwachia mlango wazi. Katika sheria ya Waingereza kauli hiyo ilimbana mtu, kwa kuwa mkaguzi ndiye aliyeamua ni ipi iwezekanayo, akiangalia mitambo iliyokwisha kufanya kazi mahali pengine na gharama zake. Kwetu tungependa isemwe *njia bora iliyothibitika kutendeka*. Kwa maneno hayo ushahidi unakuwa ndio kipimo, na nia njema haitoshi.

Tumalizie na fedha. Kanuni ya kwamba mchafuzi hulipa ilipokewa na nchi za viwanda mwaka 1972, nasi tumeiweka katika sheria ya 2004. Maneno *mchafuzi* kwa mtu, *kichafuzi* kwa kitu na *uchafuzi* kwa tendo yameundwa vizuri, yanafuatana kama ndugu. Tunaisifu kazi hiyo, hasa ukikumbuka kwamba *machafuko* lilikwisha kwenda kwenye fujo, na "kuchafua hali ya hewa" mitaani ni kusema neno baya katika mkutano, kama si jambo baya zaidi. Udhaifu umo katika *hulipa*. Alipaye hununua. Tumesikia kwa masikio yetu mwenye mali akisema kwamba amelipa faini, basi aachwe afanye kazi. *Mchafuzi hugharimia* ingekuwa kauli bora: agharimie kinasavumbi, agharimie usafishaji, agharimie matibabu. Pale madhara yalipokwisha kutokea, neno ni *kufidia*, na lisichanganywe na *faini*, kwa kuwa faini huenda Hazina na fidia huenda kwa aliyeumia.

Kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, inaonyesha yote haya kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi pembeni ya makazi hayo mwaka 2007, na baadaye risasi ikakutwa katika damu za watoto. Phyllis Omido aliyeongoza madai alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliithibitisha mwezi Desemba 2024. Lakini hebu msomaji asikie upya maneno haya, "risasi katika damu ya mtoto", kwa masikio ya mtu asiyejua kemia. Neno letu la madini ndilo hilohilo la kitu kitokacho kwenye bunduki. Wengine wamelikimbia kwa kulitumia neno la Kiingereza vilevile lilivyo, nao wakaeleweka na wachache tu. Tunapendekeza *madini ya risasi* kwa madini yenyewe, *vumbi la risasi* kwa lile litimkalo, na *sumu ya madini ya risasi* kwa ugonjwa. Ni marefu kidogo, lakini katika zahanati mama hataulizia tundu.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Kwa hiyo kanuni hizi za hewa zitafasiriwa, na nyingine zitatungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Wenye kazi hiyo wangefanya vema wakianza na *kima cha juu* na *utoaji*, na lile la "kiwango kinachotakiwa" walifute popote walikutapo.

Neno moja tunaliacha wazi kwa kuwa hatujalipata. Ni jina la lile vumbi jembamba lionekanalo tu jua linapopenya katika tundu la bati, likielea bila kutua, ambalo mtu akitoka kwenye mwale halioni tena ingawa bado analivuta. Wapasua mawe, waponda kokoto na wapakiaji wa saruji hulitazama kila asubuhi, na hatuamini kwamba hawajalipa jina. Wasomaji wetu walio katika kazi hizo, au wenye ndugu walio humo, tunawaomba watuandikie neno hilo pamoja na mahali litumikapo na sentensi moja ya kulionyesha, nasi tutalichapa katika toleo lijalo.